Karatasi ya Stane kwenye Lango la Bahari

Karatasi ya maiti ikishabandikwa haibanduliwi na mkono wa mtu. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Tripo Perojević kwa miaka thelathini na moja, tangu baba mkwe wake alipomwachia ndoo ya gundi na brashi. Mvua iilainishe, jua liifubaze, upepo wa kaskazini uichane, lakini mtu asiiguse. Aliyekufa jana hafunikwi na aliyekufa leo. Wa leo hutafutiwa nafasi pembeni. Watu wa Mulina, mji wetu mdogo wa mawe kwenye ghuba ya Boka, walimtania Tripo kwa mambo mengi, hasa kofia yake na ubahili wake wa maneno. Kwa hilo la karatasi hakuna aliyemtania.

Kwetu hakuna anayeitwa msibani kwa mdomo. Ukimwendea mtu mlangoni ukamwambia njoo umzike fulani, umemwomba, na mkono wa pole uliokuja kwa kuombwa hauna thamani. Kinachosema ni karatasi: jina, picha, pambizo nyeusi, saa ya kupokea pole kanisani, saa ya maziko. Kila mtu huisoma peke yake na kuamua peke yake. Nani alikuja na nani hakuja, hilo hukumbukwa mpaka wajukuu.

Tripo hakuajiriwa kubandika karatasi. Kazi yake halisi ilikuwa kufagia uwanja na njia ya kutoka gatini, kwa mkataba wa halmashauri. Karatasi alizibandika kwa heshima, na wafiwa walimpa glasi ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, yakaisha.

Jirani yake wa ng'ambo ya ngazi alikuwa Stane Vidović, mjane, fundi wa kushona. Mwezi Agosti Stane alilala kitandani kwa ugonjwa wa mapafu na kila mtu, yeye wa kwanza, alijua kwamba hatainuka. Alikuwa na kaka mmoja, Obrad. Miaka kumi na miwili hawakuwa wamesemezana. Stane ndiye aliyeuza nyumba ya mama yao iliyotazama gati, wageni wakaigeuza vyumba vya kulaza watalii. Obrad akapanda mlimani kwenye shamba la ukoo, akakaa na mbuzi wake na mitini yake, na akaapa kwamba hataingia tena nyumba yenye dada yake ndani. Alishuka mjini siku za meli tu, kuwauzia abiria tini kavu na asali nje ya Lango la Bahari, mlango wa ukuta wa mji unaotazama gati.

Stane alimwita Tripo.

"Tripo, siku zangu zimeisha. Usinitolee macho, unafanana na ng'ombe."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo kawaida yako. Sikiliza. Karatasi yangu uiweke Lango la Bahari, katikati ya ubao, usawa wa macho. Obrad anapita pale kila meli ikija. Simu hana, gazeti hasomi, na majirani zake ni mbuzi."

"Nisimtume mtu akamwambie unaumwa?"

"Ukimtuma mtu nitakufa nimekukasirikia. Sitaki kaka wa kuburutwa. Akisoma akaja mwenyewe, amenisamehe. Asipokuja, basi ndivyo ilivyo. Ninachotaka ni jibu."

Binti yake Ruža alikuwa akikunja mashuka karibu na dirisha. "Mama, jibu utalipataje na wewe uko kwenye jeneza?"

"Wewe utanipokelea. Akikupa mkono, mpe wako. Asipokuja, usimtafute mpaka unakufa."

Tripo akasema, "Katikati, usawa wa macho." Ndiyo ilikuwa ahadi yake.

Stane alikufa Jumanne ya pili ya Septemba, mchana. Saa kumi Tripo alikuwa amekwishabandika karatasi zake mahali panne: kwa Marta mwoka mikate, zahanati, darajani, na Lango la Bahari, katikati, usawa wa macho. Pole zingepokelewa kanisani kesho yake kuanzia saa nne asubuhi, maziko saa nane mchana. Na kesho yake ilikuwa siku ya meli.

Haikuwa meli ya kawaida. Ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kutia nanga mbele yetu, na ndani yake walikuwamo watu wa kampuni wakichagua bandari zenye mandhari nzuri za kuwekwa kwenye safari za mwaka ujao. Jioni ile Tijana, msichana mwenye diploma anayeongoza ofisi yetu ya watalii, alimkuta Tripo akiosha brashi.

"Mzee Tripo, nakuomba jambo. Wageni wakishuka, kitu cha kwanza wanachokiona ni lile lango. Na langoni kuna nyuso saba za marehemu."

"Ndipo zinapokaa."

"Najua. Naomba kesho tu zihamie upande wa ndani wa lango. Wenyeji wote wanapita ndani, watazisoma. Saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, meli ikiondoka unazirudisha."

"Karatasi haibanduliwi."

"Sijasema uzichane. Ni kwa muda wa saa tisa tu, Mzee wangu." Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mikataba ya wafagiaji inasainiwa mwezi ujao. Jina lako nimelitetea mwenyewe. Umebakiza miaka mingapi ufike pensheni?"

"Miwili."

"Si unaona?"

Sipendi kumfanya Tijana mbaya kuliko alivyokuwa. Nusu ya mji wetu inakula kwa meli zile, na yeye hakujua Stane alisema nini kitandani. Aliyejua ni Tripo.

Saa kumi na mbili asubuhi alifika langoni na kisu chembamba. Karatasi sita za zamani zilichanika pembe. Ya Stane, kwa kuwa gundi ilikuwa bado mbichi, ilitoka nzima, kwa urahisi. Akazibandika upande wa ndani, na kwenye ubao wa nje Tijana akatundika picha kubwa ya ghuba. Tripo alikuwa na hesabu yake. Kila siku ya meli, saa tatu, Obrad huingia langoni kwenda kunywa kahawa kwa Marta. Ataiona tu, akawaza, ataiona huko ndani badala ya huku nje, tofauti ni nini?

Meli ilipofika ilificha mlima wa ng'ambo. Bendi ya shule ilipiga muziki gatini. Obrad alishuka kwenye gari la maziwa na makasha yake ya tini, akayapanga mahali pake, na kama afanyavyo kila mtu wa kwetu kabla hata ya kusalimia, akautazama ubao.

"We Tripo, leo hakuna aliyekufa? Watakufukuza kazi."

Tijana alikuwa hatua tatu kutoka pale, pamoja na watu wawili wa kampuni na mpigapicha wao. Alimtazama Tripo.

"Wamepumzika," Tripo akasema.

"Basi waache wapumzike. Mimi nina tini za kuuza." Obrad akacheka kwa ufizi wote. Mpigapicha alikipenda kile kicheko, akamwashiria asimame karibu na makasha, lango likiwa nyuma yake.

Hapa ndipo ninapomlaumu Tripo, na ninamlaumu zaidi kwa neno lile kuliko kwa kisu. Alijiambia kwamba kanuni inamkataza kumwita mtu msibani kwa mdomo. Kanuni hiyo ni ya kweli. Lakini Obrad alikuwa ameuliza, na kumjibu aliyeuliza si kumwita. Asubuhi Tripo alivunja kanuni kubwa kwa mkono wake, kisha akaishika ndogo kwa nguvu zote ili ajifiche nyuma yake. Watu wengi wanaojiona waadilifu huishi hivyo.

Saa tatu ikafika, Obrad hakuondoka. Abiria walikuwa wamepanga foleni mbele ya makasha yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Leo hunywi kahawa?" Tripo akamuuliza.

"Na hawa nimwachie nani?"

"Nitakushikia."

"Wewe? Wewe ukiulizwa bei utajibu kesho. Fanya wema, niletee kikombe hapa hapa."

Tripo akaingia langoni. Akapita mbele ya uso wa Stane, akachukua kahawa kwa Marta, akapita tena mbele ya uso wa Stane, akampa Obrad kikombe. Obrad akamshukuru. Tripo akarudi kwenye ufagio wake.

Kanisani, Ruža alisimama kando ya jeneza tangu saa nne, kama desturi ilivyo, na watu wakapita mmoja mmoja wakimpa mkono. Kila mlango ulipolia aliinua uso. Tripo alikuja saa saba na nusu, amevaa koti jeusi juu ya nguo za kazi.

"Umemwona mjomba?" Ruža akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimemwona."

"Karatasi iko langoni?"

"Iko langoni."

"Marta anasema amekuwa akicheka asubuhi nzima. Anauza tini na kucheka." Ruža alitazama mikono yake. "Basi mama amepata jibu."

Tripo hakumpa mkono. Aligeuka akatoka, na watu waliokuwa kwenye ngazi za kanisa wanasema alikimbia, mtu wa miaka sitini na mitatu, akiipasua foleni ya watalii waliofuata mwavuli wa kiongozi wao. Alipotokeza nje ya lango alikuta makasha hayapo. Obrad alikuwa ameuza kila kitu, hata tini za chini zilizopondeka, na saa saba kamili akarudi mlimani na gari la maziwa. Gari jingine la kupanda lilikuwa la jioni. Saa nane jeneza lilitoka kwa Lango la Mto kwenda makaburini.

Saa kumi meli ilipiga honi na kuondoka. Tripo alizirudisha karatasi zote saba nje, kama alivyoahidiwa na kama alivyoahidi. Ya Stane ilikuwa sasa na kunyanzi lililokatiza paji la uso.

Meli iliyofuata ilikuja Jumamosi. Obrad alishuka, akautazama ubao kabla ya kupanga makasha, na hakuyapanga. Alisoma jina, akasoma siku. Alivua kofia akaenda moja kwa moja mpaka nyumba ya Stane, nyumba aliyoapa kutoiingia. Ruža alifungua mlango, akabaki kizingitini.

"Umekosea siku, mjomba."

"Sikuiona."

"Mama aliitaka iwekwe pale kwa ajili yako. Ulisimama mbele yake asubuhi nzima. Ulicheka, mji mzima umekuona."

"Haikuwapo, mwanangu. Nilimuuliza hata Tripo."

"Twende basi kwa Tripo."

Walimkuta nje ya duka la Marta, watu wakiwa na mikate mikononi.

"Nilikuuliza," Obrad akasema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nini?"

"Nilisema wamepumzika."

Ruža akauliza, "Na karatasi ya mama?"

"Niliibandua. Saa kumi na mbili asubuhi, mimi mwenyewe. Nikaiweka ndani. Tijana aliniomba, lakini yeye hakujua. Mimi nilijua."

Marta alisema kwa unyonge kwamba ahaa, kumbe ndiyo maana alicheka. Ruža alimgeukia mjomba wake. Nadhani alikuwa tayari kunyoosha mkono, kama mama yake alivyoagiza.

"Kwa hiyo ungeiona ungekuja," akasema. Alisema kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka.

Obrad alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo, na neno moja lingetosha. Lakini alikuwa mtu mkweli, kwa ubaya na kwa wema.

"Sijui," akasema. "Ningeisoma, ningesimama pale, na ningeamua. Miaka kumi na miwili nimejiuliza siku hiyo ikifika nitafanya nini. Imefika nami nauza tini. Sasa ningekuja au nisingekuja, sitajua. Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya juu ya kaburi la mama yako." Akamtazama Tripo. "Hicho ndicho ulichonichukulia."

Akavaa kofia. Mkono haukutolewa, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ulikuwa wa kutolewa.

Mulina iliingia kwenye safari za mwaka uliofuata. Picha iliyochapwa ni ile ya lango: mzee wa tini anacheka, ubao nyuma yake hauna karatasi hata moja. Ofisi ya watalii imeitundika dirishani, na Ruža hupita upande wa pili wa barabara. Obrad huuza tini zake kwenye bandari nyingine ya ghuba, mwendo wa saa nzima. Tripo alisainiwa mkataba, akamaliza miaka yake miwili, anapokea pensheni. Ndoo ya gundi ilikauka, kwa sababu tangu Jumamosi ile wafiwa wa Mulina hubandika karatasi zao wenyewe.

Karatasi iliondolewa kwa muda wa saa kumi. Stane Vidović alizikwa bila jibu la kaka yake, na jibu hilo hakuna tena awezaye kulitoa.