Kamba Niliyoiachia

Ipo siku moja ya baridi ninayoikumbuka, mwanangu, kila mtu anaponiambia "nishikie hiki kidogo." Nilikuwa Riyadh, kijana wa miaka ishirini na sita, nauza udi na marashi katika duka moja la mtaa wa Dira. Ilikuwa miaka ile mambo ya kule yalipoanza kugeuka: mabinti wakishika usukani, maduka yakiachwa wazi wakati wa swala, na mbwa, ambao zamani huwaoni mjini, wakitembezwa barabarani na wenyewe.

Rafiki yangu alikuwa Otieno, mtu wa Kisumu, Mkristo, mrefu hata akiingia dukani anainama. Kazi yake ilikuwa kumtunza mbwa wa mbio wa tajiri aliyemdhamini, kafili kama wanavyomwita kule. Mbwa mwenyewe alikuwa saluki mwembamba aitwaye Barki. Usicheke. Yule mbwa alikuwa na daktari wake na blanketi lake, na mimi wakati ule sikuwa na hata kimoja. Kafili alikwishamwambia Otieno wazi kwamba mbwa akipotea, naye afunge mizigo. Na kule Kisumu mama yake alikuwa mgonjwa wa figo, matibabu yote yakitoka kwenye mshahara ule.

Mvua ilikuwa imenyesha juma lililotangulia. Kule ikinyesha wakati wa baridi watu hutoka mjini kwenda jangwani, wakawasha moto, wakanywa chai na kutazama majani yanavyoota. Sisi nasi tukaenda, siku yetu ya mapumziko, kwa pikapu ya kafili. Tuliiacha kando ya njia tukatembea. Upepo ulikuwa unakata masikio. Otieno alinisimulia habari za kwao, na Barki alitutangulia kwenye kamba yake.

Baadaye Otieno akabanwa na haja. "Nishikie Barki kidogo, nakuja sasa hivi," akanipa kamba.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Nimelelewa nikijua kwamba mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na nilikuwa na udhu wangu nangoja adhuhuri. Ningesema tu, "Ndugu yangu, mbwa mimi simshiki." Nikaona haya. Niliogopa ataniona mshamba, au atadhani naidharau kazi yake. Nikaipokea kamba huku natabasamu.

Haikupita dakika. Barki aligeuka akanilamba kiganja chote, nami nikaufungua mkono. Sikufikiri, lakini niliufungua mwenyewe, hakuna aliyeuvuta. Saa hiyohiyo sungura akachomoka kichakani, na mbwa wa mbio ni mbwa wa mbio. Alipotelea nyuma ya kilima mimi bado nautazama mkono wangu.

Otieno aliporudi nilimwambia, "Amenivuta, amenishinda nguvu."

Akaniamini. "Si makosa yako," akasema. "Huyo ana nguvu kama punda." Maneno hayo yaliniuma kuliko angenitukana, lakini hayakuniuma kiasi cha kusema kweli.

Tulimtafuta mpaka alasiri. Otieno aliita hata sauti ikamkauka. Mwisho alikaa chini mchangani, akashika kichwa. "Sasa nitamwambia mathe nini?"

Ndipo tukamwona mzee mmoja, mchunga ngamia, anashuka kilimani na Barki nyuma yake. Otieno alilia waziwazi, akamkumbatia mbwa shingoni. Mzee alitukaribisha chai kwenye moto wake, na tulipokwisha kukaa akanigeukia mimi, akasema kwa Kiarabu bila ukali wowote, "Nilikuwa kule juu nikakuona. Mbwa hakukuvuta. Uliufungua mkono. Je, mwenzako umemwambia?"

"Anasema aje?" Otieno akaniuliza. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiarabu cha madrasa na cha dukani. Chake kilikuwa cha kuokoteza.

Nikasema, "Anasema mbwa ni mzuri, umtunze."

"Sawa," akasema Otieno, akanywa chai yake.

Tukiwa njiani kurudi garini kamba ya kiatu chake ikafunguka. Nilikuwa ubavuni pake, mikono mitupu. Hakunipa mbwa. Aliikanyaga ile kamba ya Barki kwa mguu mmoja, akafunga kiatu kwa taabu, akainuka tukaendelea. Hapo nikajua kwamba ameelewa. Miaka minne kafili wake alikuwa akimpigia kelele asiufungue mkono kila mbwa anapotolewa nje. Maneno yale ya Kiarabu aliyajua kunishinda.

Garini nilimwambia yote, macho yangu mbele. Niliona aibu ambayo hata leo nikiisimulia inanirudia. Aliendesha mpaka tulipofika barabara kuu.

"Ungeniambia tu haushiki mbwa, ningemfunga kwa gari," akasema. "Hata kumwachilia, sawa, ulishtuka. Lakini nimekuuliza mzee anasema aje, ukaniangalia kwa macho, ukanidanganya. Hapo ndio umenimaliza."

Alinisamehe, na aliendelea kupita dukani kunisalimu mpaka mkataba wake ulipokwisha. Lakini hakuniambia tena nimshikie kitu, hata simu. Na maji, mwanangu, yalikuwa madumu mawili garini, na udongo ulikuwa jangwa zima. Mkono ule ungeoshwa ukatakata.

Basi wewe unayekwenda kufanya kazi na watu wa kila namna, usione haya kusema huwezi kabla hujapokea. Mwenye akili hatakuchukia kwa hilo, na asiye na akili mwache achukie. Ukishapokea cha mwenzako, kishike hata kikikuchafua, utanawa baadaye. Na kikikuponyoka, sema mara ya kwanza unapoulizwa. Mimi niliulizwa na watu wawili kwenye moto mmoja, na wote wawili nikawanyima kweli.

Mungu akupe rafiki wa kukukabidhi kilicho chake bila kugeuka nyuma kukutazama, na akujaalie umrudishie kikiwa kizima.