Kisu cha Mwisho na Jicho la Mjomba

Kisu kilivunjika kabla sijapepesa macho.

Ta! Kipande kikagonga miwani yangu ya kazi upande wa kulia. Kioo kikapasuka.

Jamani! Jicho la kulia ndilo ambalo mjomba wangu hana, na alilipoteza mbele ya mashine hii hii.

Ngoja niwaeleze. Nachonga vyuma kwenye karakana ya mjomba. Siku hiyo nilikuwa natengeneza goti la alumini la mguu wa bandia wa dada yangu. Mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, anasubiri kusimama.

Visu vyenyewe ni vijiti vya chuma vyenye makali, vinazungushwa na mashine, vyembamba, milimita mbili tu. Hicho kilikuwa cha tatu kuvunjika. Kimebaki kimoja.

Na nilikuwa naenda taratibu! Mjomba alishanionya: "Jicho langu liliondoka na haraka. Usikimbize mashine."

Basi kila kisu kilipovunjika, nikazidi kupunguza mwendo wa meza ya mashine, ile inayosogeza alumini kwenye kisu. Kisu kinazunguka mara elfu kumi kwa dakika, alumini inasogea milimita sitini tu. Mlio wake unakera mpaka kwenye meno.

Nikafunga kile cha mwisho. Nikapunguza hadi arobaini, nikawasha, roho mkononi.

"Zima!"

Mjomba alikuwa mlangoni. Hakuwa ameona kitu, alisikia tu ule mlio.

Nikazima. Akachomoa kisu, akanionyesha. Alumini ilikuwa imeganda kwenye makali yake kama nta.

"Hiki hakikati, mwanangu, kinasugua. Kikisugua kinapata moto, alumini inakigandia, kinavunjika."

Akakisafisha, akakirudisha, akaweka mwendo wa mia nne.

"Mia nne? Mjomba, unataka kuniua?"

"Vaa miwani nyingine. Washa."

Niliwasha huku nimegeuza uso. Naogopa kweli, sioni aibu kusema.

Mlio ukatulia. Vipande vidogo vinavyong'aa vikaanza kuruka. Kisu kikamaliza kazi kikiwa kizima.

"Sasa lile jicho lako liliondokaje na haraka?" nikamuuliza.

Akawa anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Lilikwenda siku niliyoogopa. Nilipunguza mwendo kama wewe. Niliona aibu, nikasingizia haraka."

Nilimkasirikia. Nikamwonea huruma pia, palepale.

Jioni dada alivaa goti lake. Mjomba akamshika mkono. Dada akawa anaburuza mguu, hataki kuuegemea.

"Kanyaga, mwanangu," mjomba akamwambia. "Na mimi naogopa."

Akakanyaga.

Ndugu zangu, ukimfundisha mtu kazi, mwambie na ulipoogopa. Uongo wa mjomba ulibakiza kidogo tu unitoe jicho.