Fimbo ya Nne

Nimefungua kifuko cha uwele ili nijaze manyanga yangu ya kutikisa kwenye muziki, na vumbi lake limenipanda puani. Nina stashahada ya muziki niliyojilipia mwenyewe. Nimepiga ngoma kwenye rekodi za bendi kubwa za roki, na kwenye filamu ambazo hata hapa kwetu Ikungi watu wanazitazama. Sioni haya kusema hivyo. Lakini vumbi hili halijali stashahada. Limenirudisha uwanjani kwa bibi, siku ya kupura.

Tulisimama wanne tukizunguka lundo la uwele, kila mmoja na fimbo yake, tukipokezana mapigo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilitaka nisikike, nikapiga kwa nguvu zote, na fimbo yangu ikagonga ya shangazi.

"Huyu akafukuze kuku," shangazi alisema. "Atatuvunja vidole."

Nilikaribia kulia. Bibi akacheka. "Mwacheni mke mwenzangu. Wewe, fumba macho. Usipige sasa, sikiliza kwanza. Mwenzako akiinua fimbo, anakuachia nafasi. Ingia hapo."

Nikafumba. Jua lilikuwa jekundu ndani ya kope. Pigo, pigo, pigo, kisha pengo dogo, laini. Nikaingia.

Hakuna aliyenisifu. Fimbo nne zikawa kama moja, makapi yakanitua shingoni, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Nilipofumbua macho, punje zilikuwa zimekwisha kutoka zamani. Tulikuwa tukipiga masuke matupu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.