Klachi ya Waya na Mkono wa Kushoto

Kazi yenyewe ilinigharimu shilingi elfu kumi na nane na mia nne, ukucha wa kidole gumba, na siku ishirini na mbili. Nimehesabu mara mbili. Fedha zilirudi, ukucha ukaota. Zile siku hazikurudi, lakini faida yake naila mpaka leo, na ndiyo maana nimekuita ukae nikugawie, mwanangu, tena bure. Watu wa Bagamoyo wakisikia nimetoa kitu bure watakuja kunijulia hali.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa pikipiki, na ulimi wangu ulikuwa hodari kuliko spana zangu. Sikununua kitu kwa bei niliyotajiwa. Hata muuza kahawa nilimwomba anipunguzie, na akikataa nilimwomba anijazie. Basi siku moja baada ya adhuhuri nikaitwa Kaole, nyumbani kwa Mzee Mbaruku. Nilimjua kwa sifa tu. Zamani, kabla hajawa mtu wa minazi na mihogo, alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki, na wazee wenzake walipolitaja jina lake walikuwa wakishusha sauti kidogo, kama watu wanaopita karibu na mtu anayeswali.

Nikamkuta barazani, kanzu ya mikono mirefu, tasbihi iko mfukoni pamoja na mkono wake wa kushoto. Akanipa wa kulia, nikaubusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Pita uone mgonjwa."

Akanipeleka chumba cha uani, akavuta mkeka uliofunika kitu.

Mwanangu, nimefungua pikipiki nyingi, na nyingine nikazifunga na vipuri vikabaki. Lakini ile sijapata kuiona tena. Ilikuwa nyembamba kama mbwa wa kuwindia. Haikuwa na taa wala kioo, haikuwa na chochote kisichosaidia kwenda. Tangi lilikuwa limebonyea pande zote mbili, pale magoti ya mtu mmoja yalipolibana mwaka baada ya mwaka. Nikapiga magoti niitazame injini, nikagundua nimevua viatu na sikumbuki nimevivua wakati gani.

"Vaa, fundi," Mzee akasema. "Hapa si msikitini. Na chini kuna mafuta."

Mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa ugonjwa. Klachi, kama hujui, ndiyo inayoachanisha injini na tairi ili uweze kuingiza gia au kusimama bila kuzima. Ya pikipiki ile ilikuwa ya mafuta: ukibana leva kwenye usukani, mafuta yanasukumwa ndani ya bomba jembamba hadi kwenye injini, yanakwenda kusukuma kijiti, kijiti kinaachanisha sahani za klachi. Mipira ya kuzuia mafuta ilikuwa imekauka na kupasuka. Usiku mmoja tu na leva inalegea, asubuhi ukibana hupati kitu. Nilikuwa nimeshazunguka Dar es Salaam yote kutafuta mipira ya namna ile kwa kazi nyingine, na nilichokipata ni jua.

"Hii tuing'oe," nikasema, "tuweke klachi ya waya. Waya hauvuji. Hivi ni fundi gani alikubebesha mzigo huu?"

"Fundi mmoja wa Dar, sasa ni marehemu," akajibu taratibu. "Alikuwa na sababu zake."

Mimi sikuuliza sababu. Niliuliza bei.

Na kazi ilikuwa na siku ya mwisho. Mzee alikuwa na binti yake mkubwa, Saumu, mfanyabiashara wa Mapinga, mwanamke wa maneno machache yenye uzito. Saumu alikwishapata mnunuzi. Hakuwa na tamaa, alikuwa na hofu. "Baba, hicho chuma kitakuzika," alikuwa akisema. Baba mtu hakutaka kumlazimisha mwanawe wala kulazimishwa, wakapatana mbele ya watu wa nyumbani: Ijumaa ya wiki ya nne, baada ya sala, Mzee ataiendesha mwenyewe hadi Mbegani na kurudi. Akiweza, haiuzwi akiwa hai. Akishindwa, mnunuzi aichukue Jumamosi, na neno lisisemwe tena.

Nikaanza. Nikatoa bomba, kopo la mafuta na takataka zake zote. Pale penye kijiti nikatengeneza ulimi wa chuma: waya unauvuta upande mmoja, nao unasukuma kijiti upande wa pili. Waya nikaupitisha chini ya tangi, nikaupindisha kona mbili kali usionekane, maana nilitaka mtu akitazama asijue umepita wapi. Nilipima kila kitu mara mbili. Kila adhuhuri niliitwa kwenye sinia, tukala wali na samaki, Mzee na mimi, mikono ya kulia ikikutana kwenye mchuzi. Siku ishirini na moja nilimpa mkono mtu yule asubuhi na jioni. Kumbuka hapo: wa kulia.

Alhamisi alasiri nikaiwasha mbele ya Mzee na Saumu. Nikabana leva, gia ikaingia, nikaachia, ikasogea. Nikazima, nikashuka kwa maringo. "Mzee, chuma chako hicho."

Akapanda. Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka kwenye leva, nami nikauona kwa mara ya kwanza.

Vidole vitatu vilikuwa vimesimama vikavu, havikunjiki. Kovu lilitoka kifundoni likapanda hadi kwenye mkono wa kanzu. Viwili tu, cha shahada na cha kati, ndivyo vilivyokuwa hai. Akavuta kwavyo. Leva ikaja nusu, ikagoma. Akavuta tena, mshipa ukamtoka shingoni, jasho likamshuka kwenye kofia. Saumu akajifunika mdomo kwa kanga.

Hapo ndipo nilipoelewa sababu za marehemu. Mzee Mbaruku alianguka mwanzo wa ujana wake, mishipa ya mkono ikakatika, na fundi yule akamtafutia klachi ya mafuta kwa kuwa ilikuwa laini. Mbio zote zilizompa jina, alizishinda baada ya ajali. Kwa vidole viwili, mwanangu! Na mimi nikaja na spana, nikamng'oa mkono wake, nikautupa kwenye debe.

Akashuka. Hakupaza sauti.

"Mimi nina kosa langu," akasema. "Niliona haya. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nauficha mkono huu hata kwa aliyekuja kuutibu. Lakini lako ni kubwa, fundi. Kuona haya ni kwa mgeni. Wewe hukuja hapa kuwa mgeni. Ulikuta kitu cha mwenzio kimefanya kazi miaka mingi, ukakiita mzigo, na hukuuliza kilikuwa kimebeba nini."

Nikatamani ardhi ipasuke, nami nikashuke humo bila kuuliza nauli.

Kisha nikafanya jambo ambalo kwetu halifanywi. "Mzee," nikasema, "naomba mkono wako wa kushoto."

Akanipa.

Nikaazima mizani ya ndoano kwa muuza samaki, nikaifunga kwenye nguzo, Mzee akavuta kwa vidole vyake viwili. Kilo sita. Nikapima tena. Kilo sita. Nikaihamishia mizani kwenye leva: kilo kumi na tatu.

"Kwa hiyo hizi wiki tatu ulikuwa unampimia nani, fundi?" Saumu akauliza.

"Nilijipimia mwenyewe, dada."

"Basi imekuenea. Mtengenezee na baba."

Nikatoboa tundu la pili la kufungia waya kwenye ulimi wa chuma, mbali zaidi na kitovu chake, pale unapozungukia. Leva ikawa nyepesi. Nikafurahi, nikatoboa la tatu mbali zaidi, ikawa nyepesi kama ya baiskeli ya mtoto, lakini sahani hazikuachana, pikipiki ikawa inatambaa huku klachi imebanwa. Hapo nikapigwa na mshangao ambao haujanitoka. Chuma kile kilikuwa kinafanya biashara nami. Kilikuwa kinaniambia: nikupunguzie uzito, unilipe urefu wa kuvuta. Ukitaka robo, nalipwa robo. Maisha yangu yote nilikuwa sijakutana na muuzaji asiyepunguza hata senti, asiyeongopa, asiyekasirika, anayemuuzia tajiri na maskini kwa bei ileile. Mola ameiumba dunia na mizani ndani yake, nami nilikuwa naisikia ikinena kupitia kipande cha chuma chakavu. Nikakaa chini.

Tundu la pili ndilo lililofaa. Mizani ikasema kilo nane. Zilibaki mbili, na chuma hakikuwa na mbili za kunipa. Ndipo nilipoutazama waya wangu na zile kona zake za urembo. Waya ukipita kwenye kona unakwaruza ala yake, ule mrija unaoufunika, na kila mkwaruzo unakula nguvu. Ah! Hao niliwajua. Hao walikuwa madalali. Nguvu inatoka kwa Mzee, dalali wa kwanza anachukua chake, wa pili anachukua chake, klachi inafikiwa na makombo. Nikaung'oa, nikaupaka grisi, nikaupitisha njia moja pana, wazi, kila mtu auone. Haukupendeza. Kilo tano na nusu. Nikapima tena.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Mzee akapanda. Akabana kwa vidole viwili, gia ikaingia, pikipiki ikatulia kama mtumishi anayengoja kutumwa. Kisha akaondoka, na mwanangu, yule aliyekuwa akitembea kwa kuchechemea barazani hakuwa yule. Mgongo ukalala, magoti yakaingia kwenye mabonde yake ya tangi, mlio ukapanda, ukapungua, ukapotea upande wa Mbegani.

Nikahesabu minazi ya uani: kumi na saba. Nikarudia: kumi na tisa. Ni mara pekee maishani hesabu zangu zimegombana.

Mlio ukarudi. Nikamsikia anapunguza gia, moja, nyingine, nyingine, kila moja safi. Akaja akasimama shubiri moja tu kutoka miguuni pa Saumu, injini inanguruma, gia imo, klachi imebanwa.

"Mama," akamwambia binti yake, "naomba maji."

Saumu akaleta kikombe. Mzee akakipokea kwa mkono wa kulia, akanywa taratibu hadi mwisho, na muda wote huo mkono wa kushoto, ule uliofichwa mfukoni miaka na miaka, ulikuwa umemshika yule mnyama hadharani kwa vidole viwili, na mnyama hakusogea.

"Haiuzwi," Saumu akasema, akaingia ndani kulia peke yake. Mzee aliponiuliza ujira, nilitaja bei moja.

Basi nasaha yangu ni hii. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami naongeza: hata kama mbachao umechakaa na lazima uondoke, kwanza uliza ni nani aliyeutandika na alikuwa anaziba nini. Ukienda kumsaidia mtu, usijipimie mwenyewe. Heshima isikuzuie kuuliza panapouma, ila uliza kwa adabu, na ukipewa unachofichwa, kipokee kwa mikono miwili. Na usiombe kupunguziwa na kile ambacho Mungu amekipimia. Watafute madalali wako mwenyewe uwaondoe.

Mungu akupe macho ya kuona usichoonyeshwa, akupe mikono yenye kazi na kazi yenye baraka, na wanaokutegemea wasikupate mtupu.

Sasa nawe nisaidie. Mzee Mbaruku ametangulia mbele ya haki. Saumu, ambaye naye sasa ni bibi mwenye wajukuu, amenipigia simu: kuna kijana anataka kuinunua ile pikipiki kwa fedha nzuri, lakini anataka irudishiwe klachi ya mafuta kama ilivyo kwenye picha za ushindi wa Mzee. Siku hizi ile mipira inaagizwa kwa simu na kuletwa mlangoni. Waya niliuweka mimi, na mkono niliouwekea haupo tena. Nimeliwaza mara mbili, na kila mara nimepata jibu tofauti. Nina siku kumi za kumjibu Saumu. Wewe ungeung'oa?