Kitanda Bila Masharti

Ukoo wetu una ugonjwa wa kucheka mahali pasipofaa. Mama, Mungu amrehemu, alicheka siku ya kuposwa mpaka wageni wakadhani amekataa. Mimi nikiogopa hucheka, na mdogo wangu ananishinda. Basi Ijumaa ile aliponitumia sauti kwenye simu, akasema bila hata chembe ya kicheko, "Dada, nimefukuzwa shule," nikajua maji yamezidi unga.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, na Dubai huwezi kupiga simu kwa WhatsApp, imefungwa. Sisi watu wa kazi za hoteli na maduka tuliishi kwa kutumiana sauti. Unasema, unatuma, unangoja, unakunywa chai, unajibiwa. Hata ugomvi ulikuwa wa zamu.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni ya kanisa huko kwetu Kenya. Kwenye sweta yao walishonewa maneno Kweli Bila Woga. Sasa jioni moja kwenye ibada wakaambiwa mwenye ushuhuda asimame, naye, kwa kuwa ni mtoto anayesoma sweta yake, akasimama. Akasema kwamba yeye hupenda wavulana, si wasichana, kwamba hajamgusa mtu, na kwamba amechoka kumwomba Mungu kwa kujificha. Kesho yake akapewa sanduku lake. Mwalimu mkuu alimwambia shule ni ya kanisa, na kanisa lina haki ya kuchagua nani atalala chini ya paa lake. Asirudi bila mzazi.

Mzazi nilikuwa mimi. Baba na Mama walishatangulia, nyanya yetu hawezi hata kushuka mlima, na mimi nilikuwa huku Dubai, mtaa wa International City, kitanda cha chini, chumba cha wanawake sita. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki chache, na alikuwa amesajiliwa shule hiyo tu. Asipoufanyia pale, hafanyi. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Kwamba anapenda nani nilijua siku nyingi. Sikuwa nimejua kwamba ni jasiri kiasi kile, na nilijivunia mpaka nikaona aibu.

Mchana huo tulikuwa na pilau. Mpishi alikuwa mama mmoja wa Mombasa, muuza manukato Deira, mtu mzima tuliyemwita Ma Mkubwa. Kitanda cha juu yangu alilala mlinzi wa duka kubwa la Al Barsha, msichana wa bara, mlokole anayesali kwa sauti mpaka majirani wa ghorofa ya tatu wanaitikia amina. Niliwaeleza yote. Kisha nikabonyeza kurekodi, maana nilijua kelele za chumba kile zingemchekesha mdogo wangu.

"Mimi nitasema ukweli," alianza mlokole. "Shule ni yao. Kanisa limejenga. Mwenye nyumba ndiye anaweka rules."

"Shule ilipomchukua ilimuuliza nini?" nikasema. "Alama na sare. Hiyo rule ilikuwa imeandikwa wapi?"

"Si kila kitu huandikwa, my dear."

"Mimi dini yangu mwaijua," akasema Ma Mkubwa huku akipakua. "Jambo lenyewe silikubali, na sitadanganya. Lakini mtoto si jambo. Na wewe mlokole, ule mlango wa Rigga hukuambiwa ni wa wenyewe?"

Hadithi hiyo tuliijua sote. Alipofika Dubai, mlokole alikuwa akitafuta bedspesi, yaani kitanda cha kukodi katika chumba cha watu wengi. Matangazo yake hubandikwa kwenye nguzo za taa, na kila karatasi inasema nani hatakiwi: wanaume hapana, wapika samaki hapana, taifa hili hapana. Ile ya Al Rigga ilisema Waafrika hapana. Akaenda hivyo hivyo, na sare yake ya ulinzi, na sanduku. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

"Lakini mimi niliwaambia nitaosha choo!" akasema mlokole, na sauti ikampanda. "Kila siku! Hata kwa jina la Yesu niliapa!"

Tulicheka jamani. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa na pilau, halafu machozi yakamtoka, na yalikuwa machozi kweli.

"Nilikaa kwa mkahawa na sanduku, nikanunua chai moja nikaishika mpaka ikapoa," akasema. "Sikuwa nimewafanyia kitu. Khalas, basi. Huyo mtoto afanye mtihani. Hayo mengine namwachia Mungu, si principal."

Ma Mkubwa akapiga kigelegele na mwiko mkononi. Nikatuma.

Sasa, kundi la WhatsApp la wazazi wa kidato cha nne lilikuwa limeruka juu kabisa ya orodha, juu ya jina la mdogo wangu, kwa sababu mtu alikuwa ametuma maombi ya watahiniwa. Kidole changu kikagusa hapo. Na siku hizo ujumbe ukishaondoka umeondoka, hakuna cha kuufuta. Wazazi wote, walimu, kasisi wa shule na mwalimu mkuu walipokea pilau, choo, Yesu na kigelegele.

Niliingia bafuni nikacheka peke yangu, nikiwa nimeshika ukuta.

Wa kwanza kujibu alikuwa baba mmoja: "Huyo mama anapika pilau gani mpaka tunaisikia harufu?" Wa pili hakuwa na mzaha. Alisema mtoto huyo asikaribie kitanda cha mwanawe. Wa tatu akamuuliza kama mwanawe yeye alishawahi kutoa ushuhuda wa kweli hata siku moja. Basi, kundi likawaka moto hadi jioni.

Mwalimu mkuu alinipigia simu ya kawaida, nikiwa kazini hotelini, Al Rigga, kwenye chumba cha mashuka.

"Dada, unacheka?"

"Nacheka, Mwalimu, kwa sababu naogopa. Shikamoo."

"Yule dada wa sanduku. Alipata kitanda?"

"Alipata, Mwalimu. Analala juu yangu."

Akashusha pumzi. Akasema msimamo wa kanisa haujabadilika na wala hataugusa. Ila mtoto aje Jumatatu na sare yake, atafanya mtihani. Bwenini hatalala. Atafute pa kukaa nje.

Furaha na hasira zilinijia pamoja, nikaangusha rundo zima la foronya. Nje wapi? Kutoka kwa nyanya mpaka shuleni ni safari ya nusu siku. Nikaandika kundini, safari hii kwa makusudi: mwanangu ameruhusiwa mtihani, amekatazwa kitanda.

Yule baba wa pilau akajibu kabla sijafunga mlango wa chumba cha mashuka. "Mimi ni jirani wa shule. Kwangu kuna kitanda. Masharti sina."

Mlokole aliposomewa hayo alipanda kitandani kwake, akajifunika shuka, na kwa mara ya kwanza akasali kimya.

Siku ya karatasi ya mwisho ya mtihani nilikuwa kwenye basi la kwenda kituo cha metro sauti ya mdogo wangu ilipoingia. Hakusema neno. Nilisikia geti likifunguliwa, wavulana wakimwita jina lake kwa kelele, mtu akimwambia ngoja, twende wote. Halafu akacheka, kile kicheko cha Mama ambacho muhula mzima sikuwa nimekisikia. Nikairudisha nikaisikiliza tena, nami nikacheka mpaka dereva akasema, "Yalla, madam, umefika."