Kachumbari Iliyopikwa Bondeni

Mwezi uliopita nilirudi Kyela kwa harusi ya binamu yangu, na pale ukumbini nikakutana na meza ya saladi. Meza nzima, rafiki yangu! Kulikuwa na saladi ya kabichi na karoti iliyozama kwenye mayonezi, saladi ya parachichi, saladi ya viazi na mayai, saladi ya matunda iliyomwagiwa mtindi, na pembeni kabisa, kwenye kibakuli kidogo kama vile kimesahauliwa, kachumbari. Nikapakua wali wangu, wali wa kwetu unaonukia kabla hujauona, nikaweka kachumbari juu, nikaonja. Vitunguu havikuoshwa. Vilinikwangua koo nikakohoa mpaka dada niliyekaa naye akanipa maji, akidhani nimepaliwa. Sikupaliwa. Niliikumbuka Bondeni ya utoto wangu, nikatamani kulia katikati ya harusi ya watu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Bondeni, Kyela mjini, mimi na bibi, mama yake mama. Bibi ni mkulima wa mpunga wa kijiji cha Ngonga, shamba lake na ndugu zake wote wako huko, ila alijenga vyumba viwili mjini ili mimi nisome karibu. Mjini hakuwa na mtu. Yaani alikuwa na jirani mmoja tu wa kukaa naye uani jioni, mke wa mwenye duka la vitambaa. Ukoo wao ulitoka Pangani, wakaja kufuata biashara ya mchele, wakabaki. Bibi akimsalimu asubuhi, "Ugonile," yeye alijibu Kinyakyusa chenye lafudhi ya pwani, na bibi anaingia jikoni anacheka peke yake. Urafiki wao ulianzia hapo, kwenye kuchekana.

Jirani yetu alikuwa anatengeneza kachumbari kila Ijumaa, na mimi nikitoka shule nilikuwa napitia kwake kwanza. Alikata vitunguu vyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili, akavifikicha kwa chumvi, akaviosha, akavikamua, akaviosha tena. Ukimharakisha anakwambia kitunguu kina hasira, lazima ukibembeleze. Ndipo anatia nyanya ngumu, pilipili mbuzi kidogo, na ndimu anayoikamulia mwisho kabisa. Mikono ikiwa kazini, mdomo nao ulikuwa kazini. Alisema bibi yake alimsimulia kwamba kachumbari ililetwa na Wahindi waliokuja pwani na biashara zao, watu wa pwani wakaipokea wakaitilia ndimu, na yeye ndiye aliyeileta Kyela. Hilo la mwisho alilisema kwa majivuno, na sikumwona wa kumbishia.

Shuleni nako mwalimu wa sayansi kimu alitufundisha saladi ya aina yake, ya majani na mayai ya kuchemsha. Tuliichora tu, maana majani yenyewe hatukuwahi kuyaona sokoni. Saladi yetu sisi watoto ilikuwa embe bichi, chumvi na pilipili, ukila meno yanakufa ganzi na bado unaendelea.

Bibi hakutaka kusikia habari hizo. Kwake yeye, kitu ambacho hakijapita motoni hakijawa chakula, na majani mabichi ni ya mbuzi. Nikimuuliza mbona anakula ndizi mbivu, ananijibu kwamba hizo zimepikwa na jua. Kachumbari ya Ijumaa nilikuwa naila kwa jirani hukohuko, kwa hiyo bibi hakuwahi hata kuiona.

Basi ikaja Idi. Jirani akatuletea sinia, pilau upande mmoja na bakuli la kachumbari upande wa pili, limefunikwa kawa. Bibi akafunua, akachungulia, akasikitika. Maskini, akasema, wageni wamemzidi, hata kupika mboga hakumaliza. Sasa, kwao Ngonga, mwenye shughuli akielemewa, jirani anachukua chungu anakwenda kumalizia kwake bila kuombwa wala kuuliza, maana kuuliza ni kumuaibisha. Bibi akawasha moto. Mimi nilikuwa nimetumwa maji, niliporudi nikakuta kachumbari yote iko kwenye sufuria, inachemka na mawese, na juu yake ametupia usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Kabla sijafungua mdomo ameshaipakua kwenye bakuli lilelile na anavuka nayo uani.

Aliiweka katikati ya wageni, wanawake waliotoka Tanga na kanga zao mpya. Walichungulia bakuli, halafu wakacheka. Mmoja akauliza kama huku ndivyo mpishi anavyoambiwa kwamba hajui kupika. Uso wa jirani yetu ukabadilika. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kama chakula changu hakikufai, ungekiacha tu."

Bibi alirudi nyumbani akaketi mlangoni. Nikamweleza kachumbari ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye alikuwa anamsaidia mwenzake, basi. Lakini kwenda kujieleza hakuweza. Angeanzia wapi, mbele ya wale wageni? Na wageni walipoondoka, maneno yalikuwa yamekwisha kuwa mazito. Salamu zikabaki za kupita. Uani wakawa hawakai tena. Masika ile nilimwona bibi yangu akizeeka, nakwambia kweli. Jioni alikuwa anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, huku anasikiliza sauti za upande wa pili wa ukuta. Mimi pia niliumia, maana Ijumaa zangu zilikuwa zimekufa.

Mpunga ulipovunwa, bibi alitwanga mchele mpya, akaujaza kwenye ungo, akavaa nguo zake za kanisani, na ilikuwa Ijumaa mchana. Akanishika mkono tukavuka uani. Jirani alikuwa jikoni. Bibi akaweka ungo chini, akakaa mkekani bila kukaribishwa.

"Nimekuja kula," akasema.

Jirani akamjibu bila kumtazama kwamba kuna wali na mchuzi wa samaki.

"Na ile mbichi," bibi akasema. "Nipe kama unavyokula wewe."

Jirani akafuta mikono. Akaleta bakuli. Bibi akachota tonge zima, akalitia mdomoni, akafumba macho. Nilimwona anavyotafuna, taratibu, na koo linavyokataa, na anavyolilazimisha. Alipomeza akasema, "Ndaga fijo," ahsante sana, kisha akanyoosha mkono kuchota tena. Jirani akacheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka kilio, akaketi pale mkekani, na wote wawili wakala kwenye sinia moja. Mimi nilikaa kati yao nikila haraka kabla hawajakumbuka kwamba nipo.

Tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja kila Ijumaa, mpaka nikamaliza shule, mpaka nikaondoka Kyela. Nikija likizo nawakuta hapohapo, bakuli kati yao, bibi anaongeza, jirani anamtania kwamba sasa amekuwa mtu wa Pangani. Mwenye duka alipofariki, watoto wao wakaja kumchukua mama yao kwenda Tanga. Alikufa hukohuko. Bibi aliletewa habari kwa simu, na mazishi hakuyawahi. Kwenye ile nyumba sasa wanauza vipuri vya bodaboda.

Kwa hiyo siku ya pili ya harusi nilipanda bajaji mpaka sokoni, nikanunua vitunguu, nyanya ngumu, pilipili na ndimu. Bibi siku hizi anakula kidogo sana, na nilikuwa na hakika nimepata dawa. Nilikata vyembamba. Nikafikicha kwa chumvi, nikaosha, nikakamua, nikaosha tena, nikavibembeleza vitunguu kama nilivyofundishwa. Nikaonja, na nusura nipige kelele, kwa sababu ilikuwa yenyewe kabisa. Nikampelekea bibi na wali.

Aliitazama. Akala wali. Bakuli akalisogeza kwangu polepole.

"Mwanangu, mimi hicho kitu sijawahi kukipenda."

Nikashangaa. Nikamkumbusha zile Ijumaa zote, na jinsi alivyokuwa anaongeza.

"Nilikuwa nakula na yeye," akasema. "Sasa nile na nani?"

Nikalivuta bakuli. Nilikaa pale nikaimaliza mwenyewe, na kila tonge lilikuwa zuri. Kyela ya leo ina saladi za kila namna, na sina ugomvi nazo, watu wale. Ila mimi niliirudia kachumbari miaka yote hii nikidhani ndiyo ninayoitamani. Ninaowatamani ni wale wanawake wawili mkekani, mmoja akila asichokipenda na mwingine asijue mpaka kufa.