Kishimo cha Mwanaidi

Enzi zetu pale Sindeni, mwanasesere alikuwa gunzi la hindi. Unamvika kitambaa, unambeba mgongoni, unamwimbia mpaka asinzie, halafu jioni mama akipungukiwa kuni anamchukua mwanao anamchochea mafigani. Tulilia, tukala ugali, kesho yake tukazaa wengine. Gari tulitengeneza kwa mabua, magurudumu vipande vya ndala zilizochoka. Mtoto mchanga alichezeshewa kopo la maziwa lenye punje za mahindi ndani. Ukilitikisa, hata kuku wanakuja mbio wakidhani wameitwa.

Mdogo wangu Mwanaidi alichelewa kusimama. Wa rika lake walishaanza kukimbiza vifaranga, yeye yuko tu mkekani, mnene, anacheka na kila mtu. Mama alikosa raha kabisa. Na majirani nao, mh, midomo! Mmoja alisema mbele yetu kwamba huyu hatatembea. Bibi alichukua jembe, akachimba kishimo karibu na mlango wa jiko, kina chake kiunoni mwa Mwanaidi, akakitandika kanga kuukuu, akamsimamisha humo. Kopo akaliweka ukingoni, mbali kidogo na mkono.

"Mtoto halazimishwi kusimama," alisema, "anapewa sababu."

Sisi wakubwa kazi yetu ilikuwa kupiga makofi na kuimba "simama dede, dede simama" mpaka koo zinakauka. Mahindi yalipokaribia kuvunwa, Mwanaidi alijivuta nje ya kishimo, akasimama dede, kopo mkononi. Mama alipiga vigelegele hadi wale wenye midomo wakaja kushangaa.

Basi juzijuzi mwanangu Rehema, anayeishi Korogwe mjini, akanipigia simu analia. Idrisa wake hasimami. Kliniki wamempima, wamesema mtoto ni mzima, apewe nafasi acheze. Nafasi! Nilimkuta mjukuu wangu amekalishwa kwenye kigari cha plastiki kinachoimba Kiingereza na kuwaka taa kama basi la harusi, kidole kinaparaza simu ya mama yake kwa ufundi ambao mimi sina. Nikazunguka ua mzima natafuta pa kuchimba. Saruji tupu. Nikawachukua wote wawili hadi Sindeni kwa Mwanaidi, ambaye siku hizi naye ni bibi. Nilipomweleza tu, akashika jembe.

"Mama mdogo, unataka kumzika mwanangu?" Rehema alipiga kelele.

"Mimi nilizikwa, mbona nimeota?"

Tulicheka mpaka Rehema mwenyewe akacheka. Ukingoni yeye aliweka simu, Mwanaidi akaweka kopo. Mwanzoni Idrisa aliililia simu, lakini chaji ikaisha, na kwa Mwanaidi hakuna umeme; kopo halihitaji chaji. Akaanza kulinyooshea mkono. Siku zikaenda hivyo, hadi asubuhi moja akajivuta nje, akayumba, akasimama dede. Akatikisa kopo. Kuku wakaja mbio.

Rehema alirukia simu apige picha, imezima. Hawa vijana wetu wana picha za kila sahani waliyokula, na hii hawana. Ikabidi apige makofi kama sisi. Alipotaka kuimba, nikaona midomo inacheza tu: maneno hakuyajua. Niliumia, kwa sababu enzi zetu hapakuwa na mama asiyeyajua. Mimi na Mwanaidi tukamfundisha palepale, neno kwa neno, naye akaimba huku machozi yanamtoka, na Idrisa hakukaa chini mpaka wimbo ulipokwisha.